Mwalimu wa Maneno Mawili Mawili

Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuna shule iliyowahi kumwajiri. Kwa miaka mingi kabla sijamjua, kazi ya mama huyu ilikuwa kupokea simu katika kiwanda kimoja cha nguo kule Eneo la Viwanda, Thika. Alikaa mbele ya swichibodi kutwa nzima akiwaunganisha watu wasiomjua na ambao hawakuwa na haja ya kumjua. Alipostaafu alianza kufundisha Kiingereza kila Jumamosi saa tisa mchana, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, Makongeni. Fundi alikuwa rafiki yake wa kanisani. Cherehani zilipoanza kulia kule mbele, Mwalimu alipandisha sauti. Ziliponyamaza alisahau kuishusha, na wateja waliokuja kupimwa suruali walisikia somo lote.

Hakufundisha wasiojua kabisa. Ukimjia bila Kiingereza cha kusema jina lako na unakotoka, alikwambia urudi nyumbani ukajifunze kwa watoto wako. Yeye alianzia pale mtu alipokwama. Kukwama ndilo neno alilolipenda. Alisema wengi wetu tuliofika darasa la nane, au kidato cha pili kama mimi, tunalijua kila neno likiwa peke yake, ila yakishikana hatuyajui tena. "Look" unalijua, "after" unalijua, lakini "look after" ni kutunza. Ukibadilisha mkia, "look into" ni kuchunguza, na "look down on" ni kumdharau mtu. Aliyaita maneno mawili mawili. Alitupa matano kwa wiki, hakuongeza hata moja, akiyaandika kwa kalamu nene nyuma ya kurasa za kalenda za mwaka uliopita.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nafunga biskuti kwenye katoni katika kiwanda kingine, na siku moja meneja mgeni alipita kwenye laini yetu, akasimama karibu nami, akatazama kazi yangu, akasema, "Very good. Carry on." Nililisikia hilo "carry", kubeba. Nikaibeba katoni, nikamfuata. Nilimfuata hadi ofisini kwake, ngazi zote, nikiwa nimeikumbatia. Alipogeuka na kuniona mlangoni hakujua la kufanya, na mimi pia sikujua niiweke wapi. Karani wake ndiye aliyenieleza kwa Kiswahili kwamba meneja aliniambia niendelee na kazi. Niliporudi chini laini yote ilikuwa imeshapata habari. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyeniita Mwende pale kiwandani. Niliitwa Kerion.

Nilipomsimulia Mwalimu kisa hicho, hakucheka. Aliniuliza kama katoni ilikuwa nzito. Nikasema ndiyo, kilo kumi hivi. Akaandika "carry on" kwenye kalenda na chini yake maneno mengine manne ya jamaa moja. Darasa lilipokwisha aliniambia kwamba mtu aliyebeba kilo kumi juu ya ngazi kwa ajili ya neno hatalisahau, kwa hiyo mimi ndiye nitakayewafundisha wenzangu neno hilo wiki ijayo. Nikafundisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya watu wazima wakanisikiliza.

Hakutaka chochote kutoka kwetu ila kila mmoja aje na sentensi moja iliyomshinda wiki hiyo. Wafanyakazi wa viwandani walileta matangazo ya ubaoni. Mama mmoja aliyefanya kazi za nyumba kule Ruiru alileta maneno ambayo mwajiri wake aliyaacha kwenye karatasi juu ya friji. Wengine walileta ujumbe kutoka kwa walimu wa watoto wao. Mwalimu aliisoma kila sentensi kwa sauti, polepole, kisha aliuliza swali lile lile: huyu aliyeandika anataka nini? Hakuuliza maana yake. Alitaka tujue mtu anataka nini.

Mwanafunzi wake wa kudumu alikuwa soja wa geti la kiwanda cha rangi, mzee wa miaka hamsini na kitu. Huyu alikuwa na ugomvi na Mwalimu ambao haukuisha. Mwalimu alimfundisha kwamba mgeni akija na bosi hayupo, Kiingereza cha heshima ni "I am afraid he is not in." Soja aliuliza "afraid" ni nini. Akaambiwa. Akakataa.

"Mwalimu, mimi ni soja. Siwezi kusimama getini nikiwa na rungu nimwambie mtu naogopa."

Mwalimu alimweleza kwamba si woga, ni adabu tu, Waingereza ndivyo wanavyoleta habari mbaya. Soja akasema kama ni adabu, waogope wao. Jambo hilo lilichukua Jumamosi mbili. Mwishowe Mwalimu alikubali aseme "I am sorry to say," yaani nasikitika kusema, na siku hiyo niliona kwa mara ya kwanza kwamba mwanamke huyu mkali anaweza kushindwa na akafurahi. Alicheka hadi akavua miwani.

Matamshi yake hayakuwa ya redioni. "L" na "r" zilibadilishana viti mdomoni mwake kama kwa wengi wa huko kwetu, na "look after" mara nyingi ilitoka "rook after". Kijana mmoja aliyekuwa ametoka tu kumaliza sekondari alicheka waziwazi. Mwalimu alimtazama akasema ameongea na Wazungu, Wahindi na Wajapani kwa simu kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kukata simu. Kisha akaendelea na somo. Kijana yule hakurudi, na nadhani Mwalimu alisikitika, maana Jumamosi mbili zilizofuata alitazama mlango kila uliposukumwa.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alichukia Sheng, lugha ya vijana wa mtaani. Ukimsalimia "sasa, Mwalimu," alikaa kimya hadi useme habari. Lakini siku moja nilikuwa nyuma yake sokoni, hajaniona, nikamsikia akimwambia muuza nyanya "niaje," na akajibiwa "poa, cucu," yaani bibi kwa Kikuyu, na wote wawili wakaona ni kawaida. Alisifu Kiingereza, alipenda kamusi yake kuliko viatu vyake, lakini ibada ya Kiingereza hakuingia. Alingoja ile ya Kikuyu. Nilipomuuliza sababu, alisema hawezi kumwomba Mungu huku akijisahihisha.

Na hakujua kuomba msamaha. Alijua kutufundisha namna saba za kuomba msamaha kwa Kiingereza, kuanzia ya kumkanyaga mtu mguu hadi ya kuchelewesha mzigo wa kampuni, lakini yeye mwenyewe hakutumia hata moja, kwa lugha yoyote. Yule mama wa kazi za nyumba alikosa Jumamosi tatu. Aliporudi Mwalimu alimwambia mbele yetu sote kwamba kiti chake kimezoea kukaa bila mtu, na mama wa watu akachukua kibeti chake, akaondoka. Baadaye tukamwambia Mwalimu kwamba mtoto wa yule mama alikuwa amelazwa. Alifunga somo kabla ya saa. Wiki iliyofuata yule mama alinisimulia kwamba Mwalimu alifika kwake Jumatatu na mfuko wa viazi, akakataa kuingia ndani, akamfundisha masomo matatu akiwa amesimama mlangoni, maneno kumi na tano yote, kisha akaondoka. Msamaha hakuutaja. Yule mama alirudi darasani.

Kwa muda mrefu nilidhani anafundisha ili asikae bure. Nilikuja kujua sababu yenyewe mwaka ambao mama yangu aliugua.

Mama alikuwa na sukari, na kidonda kidogo kwenye mguu wa kushoto kilikuwa kimekua kikawa kikubwa. Alilazwa. Nilikuwa naenda kumwona kila nikitoka shifti ya asubuhi. Jumanne moja daktari alikuja kitandani na wanafunzi wake wanne, akafunua mguu, akawaeleza kwa Kiingereza, haraka haraka, kama vile mimi na Mama hatupo. Mama alikuwa anatabasamu kwa heshima. Nikasikia daktari akisema, "If it doesn't clear up by Friday, it will have to come off."

Mwaka mmoja nyuma ningesikia "clear" na "off" na kudhani anasema kidonda kitasafishwa kiondoke. Sasa nilielewa. Kisipopona kufikia Ijumaa, mguu utakatwa. Nilishika chuma cha kitanda. Maneno tuliyofundishwa Jumamosi iliyotangulia, ya kuuliza la kufanya wakati tukingoja, yalikuwa bado mapya kichwani, na yakatoka yenyewe: "Doctor, is there anything we can do in the meantime?"

Daktari aligeuka, na kwa mara ya kwanza aliniona. Uso wake ulibadilika. Alituma wanafunzi waende kitanda kingine, akabaki, akanieleza kwa Kiswahili kizuri tu: dawa watakayobadilisha, chakula, jinsi ya kuinua mguu, dalili za kuangalia. Alizungumza nami pembeni, karibu na dirisha. Niliporudi kitandani Mama aliuliza daktari amesemaje. Nikamwambia amesema tuinue mguu.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa Mwalimu nyumbani kwake. Nilitaka kumshukuru. Nilimsimulia yote, na nilipofika kwenye "in the meantime" nilitarajia atafurahi. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama yako umemwambia?"

Nikasema bado. Nikasema sikutaka kumtisha, pengine kitapona, kwa nini aumie kabla ya wakati.

Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Lakini hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia nikae. Kisha akanisimulia jambo ambalo, kadiri ninavyojua, hakumsimulia mwanafunzi mwingine.

Alikuwa na miezi sita tu kwenye swichibodi. Asubuhi moja ilikuja simu kutoka hospitali Nairobi, mtu akamtaja fundi mmoja wa mashine pale kiwandani. Akasema, "His wife has passed away. Please break it to him gently." Simu ikakatwa. Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa msichana aliyepata kazi kwa sababu ya sauti nzuri, alijua "pass" ni kupita, hakujua "pass away" ni kufariki. Ile "break", kuvunja, ilimchanganya, akadhani hakusikia vizuri, na aliona aibu kumuuliza karani mkuu. Kwa hiyo alituma ujumbe kwa watu wa mashine kwamba mke wa fulani amepita.

Yule fundi alijua mke wake yuko hospitali. Aliposikia amepita, alielewa kwamba ametoka, na kwamba atapitia kiwandani akielekea nyumbani. Aliomba ruhusa, akanawa mikono, akaenda kusimama getini. Alisimama pale tangu saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali, wenzake wakampelekea maji. Dirisha la Mwalimu lilitazama geti.

"Aliniona," Mwalimu aliniambia. "Alijua mimi ndiye niliyempa habari. Akanipungia mkono, na mimi nikampungia."

Saa nane ndugu yake alifika na kumweleza. Mwalimu aliona kwa dirisha jinsi yule fundi alivyoketi chini, pale pale kwenye changarawe. Alimwendea baada ya mazishi kutaka kusema jambo, akashindwa, na yule fundi ndiye aliyemwambia asijali. Aliendelea kumsalimia kila asubuhi hadi alipohama kazi. Mwalimu alisema salamu hizo zilikuwa nzito kuliko kama angemtukana. Mwezi huo alinunua kamusi yake ya kwanza.

"Mimi nilikosea kwa kutojua," alisema. "Wewe unajua. Unangoja nini?"

Nilienda hospitali moja kwa moja kutoka pale. Mama alikuwa ameketi, anakula ndizi. Nilimwambia kwa Kikamba, polepole, kila kitu nilichosikia tangu Jumanne. Alimaliza ndizi yake. Akasema alijua kuna jambo tangu wale wanafunzi wanne walipoacha kumtazama usoni. Alikuwa ananingojea mimi niseme.

"Huu mguu ni wangu," akasema. "Ungenipa siku mbili za kuuaga, kama ni kuuaga."

Tulilia kidogo, kisha akanituma nimletee mafuta ya kujipaka, na jioni ile aliupaka ule mguu mafuta mwenyewe, kuanzia gotini kushuka, akiukwepa ule upande wa bandeji. Ijumaa daktari alikuja akasema dawa imeanza kushika. Hatimaye walikata vidole viwili, mguu ukabaki. Mama bado anatembea nao, kwa kuchechemea, na kila Jumapili anavaa viatu vilivyofungwa mbele ili vidole visihesabiwe kanisani.

Nilipompelekea Mwalimu habari hizo alisema "good," akafungua ukurasa wa kalenda.

Miaka ilipita. Nilipata kazi ya kuandikisha wagonjwa katika kliniki moja Ruiru, na naamini niliipata kwa sababu kwenye mahojiano niliulizwa ningefanya nini mgonjwa asipoelewa daktari, na nilikuwa na jibu. Nilihama Makongeni. Fundi cherehani naye alifunga duka, na darasa likaisha bila mtu kulitangaza. Soja alinipigia simu mwaka jana akaniambia Mwalimu naye yuko Ruiru, amehamia kwa binti yake, si mbali na nilipo. Nilishikwa na aibu kwamba sikujua.

Nilienda Jumapili mchana. Binti yake alinikaribisha, akanikalisha, akasema mama yake amejifungia chumbani tangu watoke kanisani.

"Anasema anasali," akaniambia, akipunguza sauti. "Lakini siku hizi anasali kila siku saa hii, na anasema na mtu. Tumeanza kuwa na wasiwasi."

Nilikwenda kubisha. Sauti ya ndani ilinyamaza ghafla. Nilipotaja jina langu, mlango ulifunguliwa kidogo, nikavutwa ndani, ukafungwa tena.

Alikuwa amepungua sana. Nywele zote zilikuwa nyeupe, na sweta lilimlegea mabegani. Juu ya kitanda kulikuwa na simu, miwani miwili, na daftari la mistari. Hata hakunisalimia. Alinionyesha daftari. Nilidhani ni Kiingereza, lakini sikuelewa hata neno moja.

Ni Kijerumani, akasema. Mwanawe wa kiume aliondoka kwenda Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi, akaoa huko, na sasa ana binti wa miaka mitano. Mtoto hajui Kikuyu wala Kiswahili wala Kiingereza. Kila Jumapili anawekwa mbele ya simu, anapunga mkono kwa cucu yake, anakimbia. Mwalimu alikuwa amejifunza miezi minne kwa masomo ya kwenye simu, kwa siri. Hakutaka binti yake amsikie.

Nikamuuliza kwa nini afiche. Nikamkumbusha alivyotwambia kwamba anayeogopa kuchekwa hatajifunza.

"Niliwaambia nyinyi," akanijibu. "Mimi nina karibu miaka themanini."

Saa kumi simu ililia. Alivaa miwani, akavua, akavaa ile nyingine. Uso wa mwanawe ukatokea, wakasalimiana kwa Kikuyu, kisha mtoto akaletwa. Alikuwa na nywele nyingi zilizofungwa mafungu mawili. Akapunga mkono, tayari mwili umeshageuka kuondoka.

Mwalimu akasema sentensi yake. Aliniambia baadaye maana yake: leo umecheza na nani?

Mtoto alisimama. Alirudi, akausogeza uso karibu kabisa na simu hadi tukaona jicho na nusu ya pua tu. Kisha akaanza kujibu, na alijibu kwa dakika nzima bila kupumua. Mwalimu hakushika kitu. Niliona macho yake yakikimbia kwenye daftari yakitafuta neno lolote la kushikilia. Mwanawe alianza kumtafsiria kwa Kikuyu. Mwalimu alimwinulia mkono anyamaze, akamwambia mtoto kitu kifupi, nadhani ni polepole.

Mtoto alielewa. Akaanza upya, neno moja moja, kwa sauti ya mtu mzima anayemfundisha mdogo wake. Mwalimu alirudia kila neno. Alipokosea, mtoto alitikisa kichwa, akalisema tena, akangoja. Hakucheka hata mara moja. Neno moja, ambalo nadhani ni jina la mnyama, walilirudia mara tano, na mara ya tano mtoto akapiga makofi. Mwalimu aliandika haraka, mwandiko ukipanda na kushuka kwenye mistari. Nje ya mlango nilisikia hatua za binti yake zikisimama, na hazikuondoka.

Mwishowe mtoto aliuliza swali, na mwanawe Mwalimu akacheka, akafuta macho.

"Anauliza kama kesho utakuja tena," alisema kwa Kiswahili, pengine kwa ajili yangu.

Mwalimu hakumjibu yeye. Alimjibu mtoto, kwa Kijerumani, neno moja la kukubali ambalo hata mimi nililielewa. Simu ilipozimika aliketi akilitazama daftari lake. Nikamwambia nimemletea salamu za soja, na nimebeba ndizi, na kwamba tungekunywa chai sebuleni. Akasema chai itangoja. Ana maneno kumi na moja asiyoyajua, na kesho ni kesho. Akaniomba nikitoka nifunge mlango.